Bodi imenirudishia mkakati wa mkutano: "Hii ni orodha ya kazi." Nimekosea wapi?

Mratibu_Kimya

Habari zenu wanajukwaa,

Nina miaka 11 kwenye kazi ya kuandaa mikutano. Sita kati ya hiyo nimekuwa mratibu wa mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha kitaaluma: siku tatu, washiriki 600 hadi 700. Sijisifu, ila mkutano wangu haujawahi kuchelewa kufunguliwa hata kwa dakika tano. Nina daftari la kila mwaka. Najua mlango upi wa ukumbi hulia ukifunguliwa polepole. Najua mzungumzaji yupi atakuja na slaidi 90 kwa kipindi cha dakika 20. Najua mafundi wa sauti wasipokula kabla ya wageni, kipindi cha mchana kitaanza kwa mluzi wa vipaza sauti.

Mwezi uliopita bodi ilinitaka niandike mkakati wa mkutano kwa miaka mitatu ijayo. Nilifurahi kama mtoto. Miaka yote nimekuwa mtu wa kuitwa mambo yakishaamuliwa: tarehe ni hii, ukumbi ni ule, mzungumzaji mkuu ni fulani, haya kimbia. Safari hii naulizwa mimi. Nikajifungia wiki mbili, nikatoka na kurasa 41. Kalenda ya kazi kuanzia miezi 14 kabla hadi wiki mbili baada. Nani anafanya nini na nani anamshika mkono akiugua. Mpango wa mvua, mpango wa umeme kukatika, mpango wa mkalimani kupotelewa na sauti. Bajeti yenye mistari 212.

Mwenyekiti alinirudishia baada ya siku nne. Kwenye jalada ameandika kwa penseli maneno sita: "Hii ni orodha ya kazi. Mkakati?"

Nimeumia, sifichi. Lakini jambo linaloniuma zaidi ni kwamba nikisoma tena zile kurasa naona ana haki, na bado sijui alitaka nini. Nimetafuta huku na kule nikapata dira, dhamira, maadili ya msingi, jedwali la nguvu na udhaifu na fursa na vitisho. Nimejaza jedwali lote. Chini ya "fursa" nimeandika "teknolojia". Nikacheka mwenyewe.

Swali langu: katika kazi yetu hii ya viti na vipaza sauti, mkakati ni kitu gani hasa? Kila nikianza kuandika, kalamu inarudi kwenye viti.

Hali ilivyo: mkutano ujao uko miezi 13 mbele. Hoteli na ukumbi tumeshikiwa, mkataba haujasainiwa. Bodi inakaa tena baada ya wiki tatu.

---

Kiti_cha_Nyuma

Dada, pole. Na zile kurasa 41 usizitupe, maana siku ya mkutano hizo ndizo zitakazokuokoa, si mkakati.

Nikupe kisa changu. Zamani kidogo niliendesha mkutano wa watu 800. Ulikwenda vizuri mno. Jioni ya mwisho nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, viatu nimevua, mkurugenzi mtendaji akaja akakaa pembeni yangu. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Hivi huu mkutano huwa tunaufanya kwa nini?" Nikamjibu kabla sijafikiri: "Kwa sababu mwezi wake umefika."

Alicheka. Mimi sikulala. Nilikuwa nimetumia miezi kumi ya maisha yangu, ya watu wengine tisa na fedha za chama, na sababu niliyokuwa nayo mdomoni ilikuwa kalenda.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa ukumbi, naandika sentensi tatu. Sharti langu ni moja: kila sentensi ianze na mtu, isianze na mkutano. "Mkutano utaimarisha ushirikiano wa wanataaluma" hiyo naifuta. Haina mtu ndani yake, na haiwezi kushindwa. Sentensi isiyoweza kushindwa si mkakati. Ninayoitaka ni kama hii: "Mwanachama aliyejiunga mwaka huu ataondoka akiwa amekaa meza moja na wakongwe watatu, na ana namba zao."

Sasa angalia inavyotuburuta hiyo sentensi. Viti vya safu vinavyotazama jukwaa vitaiua, kwa sababu kwenye safu mtu hukutana na kisogo. Unahitaji meza za duara, watu wanane wanane. Lakini ukumbi unaobeba watu 600 kwa viti vya safu, ukiuwekea meza za duara hubeba nusu yake, au kuzidi kidogo. Kwa hiyo ama ukumbi mkubwa zaidi, ama watu wachache zaidi, ama kikao cha wote kifanyike mara mbili. Ukumbi mkubwa unakula bajeti, kwa hiyo unaondoa nini? Na wakongwe watatu wanapangwaje meza ile? Na wakikataa? Umeona, dada: kalamu yako kurudi kwenye viti si kosa. Kosa ni kuanzia hapo. Ukifika kwenye viti ukitokea kwenye sentensi, kiti kinageuka uamuzi.

Harrison Owen, Mmarekani, alijikuta pabaya zaidi. Aliandaa kongamano la kimataifa, kazi ya karibu mwaka mzima, na mwishoni watu wakamwambia kilichowafaa kuliko vyote ni mapumziko ya kahawa. Yaani kile alichokipanga kidogo kuliko vyote. Mwaka 1985 akajaribu kuendesha kongamano lililo mapumziko ya kahawa tangu mwanzo hadi mwisho: duara la viti, ukuta mtupu, mwenye hoja anaiandika na kuibandika, anayeitaka anamfuata. Njia hiyo ikaenea dunia nzima kwa jina la Open Space. Sikwambii uige. Mimi niliijaribu mara moja na wahandisi, nusu saa nzima hakuna aliyeinuka. Ila Owen alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulithubutu: aliposikia kipi kimefaa, aliacha vingine vyote.

Na hilo la kuacha ndilo linalotofautisha mkakati na orodha. Orodha haina kikomo, unaongeza tu. Nenda kahesabu kwenye kurasa zako 41: ni mistari mingapi inayosema "hatutafanya"?

Nimalizie na habari ya wakubwa. COMDEX ya Las Vegas ilianza 1979, ikawa maonyesho ya kompyuta ya kutetemesha dunia, watu zaidi ya 200,000. Ya mwisho ilifanyika 2003. CeBIT ya Hannover, Ujerumani, nayo ya kompyuta, ilijitenga na maonyesho makubwa ya viwanda mwaka 1986, ikapanda hadi kupita wageni 800,000 mwanzoni mwa karne hii; mwaka 2018 walikuja kama 120,000, ikafungwa. E3 ya michezo ya video, iliyoanza 1995: Nintendo iliacha mkutano wake mkubwa wa jukwaani pale mwaka 2013 ikawa inazungumza na wapenzi wake kwa video zake yenyewe, Sony haikutokea 2019, na Desemba 2023 ikatangazwa imekwisha kabisa. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Wale waratibu hawakushindwa na viti wala usajili. Walikuwa hodari kuliko sisi. Sababu ya watu kuja ndiyo iliyohama mlangoni, wao wakaendelea kupanua mlango.

---

Kifungu_cha_Saba

Mimi si mtu wa dira. Nasoma mikataba ya hoteli na kumbi, basi. Lakini nimesoma swali la dada nikaona neno moja limepita bila mtu kulishika: mkataba HAUJASAINIWA. Hiyo ndiyo karatasi ya kimkakati kuliko zote ulizo nazo mezani. Ukishatia saini, miaka mitatu ijayo imeshaandikwa na meneja mauzo wa hoteli.

Nikupe hesabu niliyoilipia kwa machozi. Tulishikiwa vyumba 300 kwa usiku 3, jumla 900. Mkataba ulisema tujaze angalau asilimia 80, yaani 720, upungufu tunaulipa. Wakaja hivi: usiku wa kwanza 280, wa pili 250, wa tatu 80. Jumla 610. Nikajua tunadaiwa vyumba 110. Uchungu, lakini unamezeka.

Hati ya madai ikaja na 160.

Nikarudi kwenye mkataba. Hesabu ilikuwa ya kila usiku peke yake, si ya jumla. Kila usiku ulitakiwa kufika 240. Wa kwanza ulifika, wa pili ulifika, na ziada yao haikusaidia kitu. Wa tatu ulipungukiwa 160. Vyumba 50 zaidi kwa sababu ya maneno mawili ambayo hayakuwepo: "kwa jumla". Tena kulikuwa na washiriki wetu zaidi ya kumi waliolala hoteli hiyohiyo, wamejiwekea chumba wenyewe kwenye tovuti ya bei nafuu, nao hawakuhesabiwa kuwa wetu. Dai hilo nalo liandikwe: kila mshiriki aliyelala ndani ya hoteli ahesabiwe, kapita njia yoyote.

Mpaka hapo ni mambo ya mwanasheria. Sasa jiulize swali ambalo mwanasheria halijui: kwa nini usiku wa tatu walikuwa 80? Niliivuta ratiba. Siku ya tatu ilikuwa na hotuba za kufunga, maazimio yaliyoandikwa wiki moja kabla, na picha ya pamoja. Watu si wajinga, waliondoka jioni ya pili. Tulikuwa na siku mbili za mkutano na siku moja ya heshima, tukailipia heshima kwa bei ya vyumba. Kifungu kizuri kingetupunguzia deni, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye ratiba.

Jambo la pili, dharura. Watu wananakili kifungu kutoka mkataba wa zamani bila kukisoma. Chukua matukio mawili ya kweli. Aprili 2010 mlima wa volkano Eyjafjallajökull kule Iceland ulitema majivu, anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Ukumbi wako mzima, umeme upo, meza zimepangwa, ila nusu ya wazungumzaji wamekwama viwanjani. Kifungu chako kinasema nini? Vingi vinazungumzia ukumbi kutotumika tu. La pili, Februari 2020: Mobile World Congress ya Barcelona, mkutano wa kampuni za simu wa zaidi ya watu 100,000, ulifutwa tarehe 12 na ulikuwa ufunguliwe tarehe 24. Kabla ya kufutwa, kampuni zilijitoa moja baada ya nyingine: LG, Ericsson, Nvidia, Amazon, Sony. Hakuna aliyekuwa ameufunga ukumbi. Swali likawa nani wa kwanza kutamka neno, maana anayetamka mapema anaweza kuonekana ndiye aliyevunja mkataba.

Kwa hiyo kaa na bodi yako mkubaliane leo, mkiwa na akili zilizotulia: nani ana mamlaka ya kufuta, mwisho wa kuamua ni siku ngapi kabla, dalili zipi zitawafanya mkutane, na fedha kiasi gani mko tayari kupoteza ili msiwaweke watu hatarini. Ukurasa mmoja. Huo nao ni mkakati, ingawa hauna neno "dira".

---

Mkoba_Mmoja

Samahani wakubwa, nitakuwa mchafuzi wa hali ya hewa. Haya mnayosema ni ya walioajiriwa na wenye bodi. Mimi najitegemea, nina mkoba mmoja na simu mbili. Mteja ananijia na tarehe, ukumbi, na rangi ya vitambaa vya meza. Nikimuuliza "kwa nini unafanya mkutano huu" ananitazama kama nimemuuliza kwa nini alioa. Halafu anamtafuta mwingine asiye na maswali. Fikra za kimkakati hazimo kwenye hati yangu ya malipo, kilichomo ni siku za kazi.

---

Kiti_cha_Nyuma

Mkoba, hujachafua kitu. "Kwa nini" ni swali baya, nami nimeliacha siku nyingi. Linamweka mtu kizimbani, anaanza kujitetea. Jaribu mengine, yanavaa nguo za kazi:

"Katika orodha hii ya waalikwa, nani asipokuja utasikitika kabisa?" Mteja atataja watu kama saba. Hao saba ndio mkutano wake, wengine ni umati. Mara mia nimekuta hao saba hawajapelekewa hata barua, kwa sababu kila mtu alikuwa anashughulika na umati.

"Ukumbi ukipatikana wa viti 50 tu, utampa nani?" Hili linachekesha, lakini jibu lake huwa la kweli kuliko dhamira yote ya kampuni.

"Mwaka jana mlifanya nini ambacho tukikiondoa hakuna atakayegundua?" Hili linakuletea fedha, kwa sababu umemwokolea gharama kabla hujamwomba chochote.

Hakuna mteja atakayekufukuza kwa maswali hayo matatu. Atadhani unapanga viti. Na kwa kweli unapanga viti.

Kuna lingine, la Gary Klein, mtaalamu wa saikolojia, alilieleza kwenye Harvard Business Review mwaka 2007. Unawakusanya wahusika, unawaambia: "Mkutano umeshafanyika, umeharibika vibaya. Kila mmoja aandike kimyakimya umeharibiwa na nini." Uchunguzi wa maiti kabla ya kifo. Ukiuliza "mnaona hatari gani?" watu huogopa kuonekana wachimvi. Ukiwaambia kifo kimeshatokea, ulimi unalegea. Mara ya kwanza nilipofanya, karani wa usajili, binti mkimya kabisa, aliandika: "Mzungumzaji mkuu hakuja kwa sababu hakuna aliyewahi kuzungumza naye yeye mwenyewe, tulikuwa tunazungumza na msaidizi wake." Tukapiga simu mchana uleule. Hakuwa na habari yoyote.

---

Dodoso_la_Tisini

Nimefuatilia, naongeza kidogo tu upande wa kupima, kwa kuwa mwenyekiti akishauona mkakati swali lake la pili litakuwa "tutajuaje?"

Donald Kirkpatrick mwaka 1959 alianza kuandika kuhusu ngazi nne za kupima mafunzo: watu wameipendaje, wamejifunza nini, wamebadilisha nini kazini, na matokeo yake ni yapi. Jack Phillips baadaye akaongeza ya tano, faida ikilinganishwa na gharama. Dodoso zetu za mikutano karibu zote hukaa ngazi ya kwanza zikafia hapo. Chakula kilikuwaje, sauti ilikuwaje, weka alama moja hadi tano. Tena tunaligawa dakika kumi kabla ya watu kukimbilia usafiri.

Mimi hulituma siku 90 baadaye. Na huwa sio dodoso, ni simu. Mwaka juzi nilipiga simu 30, swali moja: "Kuna jambo lolote umelifanya tofauti kwa sababu ya ule mkutano?" Watu wengi walinyamaza kwanza. Karibu hakuna aliyetaja hotuba ya ufunguzi, ambayo ilitugharimu kuliko kitu kingine chochote. Ila wanne, bila kujuana, walinitajia mazungumzo waliyoanzisha na mtu asiyemjua kwenye foleni ya usajili, foleni ambayo mimi nilikuwa nimeiandika kwenye ripoti kuwa ni kasoro ya kurekebishwa!

Sijasema tuwapange watu foleni. Nasema nisingepiga simu ningeendelea kuinunua hotuba na kuua foleni.

---

Mratibu_Kimya

Wapendwa, nimerudi. Siku 18 zimepita, bodi ilikaa jana. Naleta mrejesho, huu hapa, ni mrefu kidogo mnivumilie.

Kwanza nilifuata agizo la Kiti_cha_Nyuma, nikahesabu mistari ya "hatutafanya" kwenye kurasa 41. Sifuri. Nilikuwa na hakika nitakuta hata mmoja. Wenye maana hiyo kwa mbali ulisema "magari hayataruhusiwa kuegeshwa mlango wa mashariki".

Nikakaa kuandika sentensi tatu za watu, nikakwama kwenye ya kwanza, kwa sababu niligundua siwajui watu wenyewe. Miaka sita nawaandikia majina kifuani! Nikayatoa madaftari yote sita na orodha za usajili. Orodha hizo nilikuwa nazitumia kwa kazi moja tu, kuchapisha beji. Sasa nikaziweka pembeni kwa pembeni, nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza kumfuata mtu mmoja mmoja mwaka hadi mwaka. Ilinichukua usiku mbili.

Mwaka juzi tulikuwa na washiriki wapya 188. Mwaka jana waliorudi ni 41.

Nikadhani nimekosea, nikarudia. 41. Mwaka wa nyuma yake, hali ni ileile. Jumla haikubadilika, kila mwaka 600 na kitu, kwa hiyo ripoti zangu zilisema "mahudhurio ni imara". Kumbe ni pipa lililotoboka, nami sifa yangu ilikuwa kulijaza kwa wakati. Chama kinazeeka ndani ya ukumbi wangu na mimi niko bize na mlango unaolia.

Nikamwiga Dodoso, nikapiga simu 20 kwa wasiorudi. Sikusikia hata mmoja akilalamikia chakula, sauti wala ukumbi. Kijana mmoja aliniambia kwa adabu sana, "Dada, mlikuwa mmejipanga vizuri. Ila siku tatu nzima sikuongea na mtu." Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda kunywa maji.

Niliyopeleka kwenye bodi ni kurasa mbili. Sentensi tatu, kila moja na mtu wake. Ya kwanza ni ya huyo kijana, ingawa sikumtaja: mshiriki mpya atakuwa ameketi na wakongwe watatu kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza, na nusu ya wapya watarudi mwaka unaofuata. Hiyo inaweza kushindwa, na ikishindwa itajulikana, orodha za usajili zipo. Chini yake nikapiga mstari nikaandika TUNAACHA. Tunaacha siku ya tatu, mkutano uwe siku mbili. Tunaacha vyumba tisa vya vipindi vya wakati mmoja, viwe vitano. Tunaacha kuongeza vibanda vya maonyesho. Tunaacha usiku wa tuzo.

Nikawaambia pia kitu kilichokuwa hakimo kwenye karatasi: kwamba miaka sita nilikuwa natoa ripoti ya uongo bila kujua. Ukumbi ulikuwa kimya mno. Mweka hazina akaomba kuona kalamu nyekundu, nikampa madaftari yote.

Siku ya tatu waliikubali ndani ya dakika tano, jambo lililonishangaza, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Vyumba vitano, wakabishana, wakakubali. Vibanda, mweka hazina alikuwa na hoja ya haki, wadhamini wawili tayari wameahidiwa, kwa hiyo tunabaki na hesabu ya mwaka jana bila kuongeza. Usiku wa tuzo umebaki. Niligundua nikiwa nimesimama palepale kwamba kati ya watu tisa mezani, sita wamewahi kupokea tuzo usiku huo. Hilo lingekuwa limo kwenye uchunguzi wa maiti kama ningeufanya kabla. Nimejifunza.

Mwenyekiti alichukua penseli yake ileile. Aliandika kitu juu ya ukurasa wa kwanza, nikajua tena yamekuwa yale. Kumbe amebadilisha "nusu ya wapya" kuwa "theluthi", akasema, "Kwanza tufike hapa."

Mkoba_Mmoja, swali la viti 50 nilimuuliza mwenyekiti mwenyewe kwenye simu kabla ya kikao. Alinitajia watu kumi na moja. Tisa kati yao hawajaja mkutanoni kwa miaka mitatu.

---

Kifungu_cha_Saba

Hongera dada. Na mkataba?

---

Mratibu_Kimya

Nakutana na meneja mauzo kesho saa tatu asubuhi. Usiku wa tatu nimeupunguza kutoka vyumba 260 hadi 40, hao ni wasafiri wa mbali tu. Ukumbi mkubwa nautaka kwa meza za duara, nimepeleka mchoro.

---

Kifungu_cha_Saba

Atakwambia bei ya ukumbi inapanda kwa sababu vyumba vimepungua. Ni kweli, mwache aseme. Halafu mwambie aandike "kwa jumla" mbele yako.

---

Mkoba_Mmoja

Ukishamaliza nitumie ile ya "tunaacha" faraghani, ukifuta majina. Nina mteja Ijumaa, amekuja na rangi ya vitambaa.